Asili ya Jina Winimiri

Kituo chetu cha matatu, ukitoka soko la Nyaramba na kupandisha kidogo kuelekea mashamba ya chai, kinaitwa Winimiri. Hakuna ubao unaosema hivyo. Makanga hulitaja tu jina akigonga bati, na watu wa huko wakashuka. Ukiwauliza limetoka wapi, kila mmoja ana hadithi yake, na kila mmoja atakula yamini kwamba yake ndiyo ya kweli.

Wapo wanaosema mzungu wa zamani alisimamisha pampu ya maji pale, ile ya chuma yenye mapanga juu. Hakuna mzungu aliyewahi kuchomeka hata kigingi kwenye mteremko ule. Wapo wanaosema palikuwa na mhubiri aliyerusha mikono hewani akihubiri mpaka watoto wakampa jina. Hadithi tamu, lakini ya kutunga. Mimi nafundisha Kiswahili katika shule moja upande wa Suneka, kazi yangu ni maneno na yalikotoka, na kwa neno hili sina haja ya kamusi. Winimiri alikuwa baba yangu.

Jina lake la kweli ni Momanyi. Sisi watoto wake tulimwita Tata, kama watoto wa Kikisii wanavyowaita baba zao. Alikuwa seremala. Nilipokuwa mdogo, mwaka ule wa njaa ambapo nchi nzima ilikula mahindi ya manjano ya msaada, alijenga kinu cha upepo kando ya nyumba yetu, na jina la kile kinu likamganda mpaka kaburini.

Nimewafundisha wanafunzi wangu neno hilo mara nyingi. Kwa Kiingereza ni windmill: wind ni upepo, mill ni kinu, na hiyo mill imetoka mbali, katika neno la Kilatini la kusaga, ambalo ndilo pia lililozaa molar, jina la Kiingereza la magego yetu. Kiswahili nacho kikachukua kinu, chombo cha kutwangia kwa mchi, kikakipa upepo. Wengine husema tingatinga, kama tunavyoita trekta. Ile pampu ya chuma ya kuvuta maji nayo inaitwa windmill, ingawa haisagi hata punje moja. Kazi ilibadilika, jina likabaki. Na kwa kuwa ulimi wa Kikisii hauna l, neno lilipofika kwetu likawa Winimiri. Yote hayo ninayo kichwani. Nisichokuwa nacho ni sababu ya Tata kukubali kuitwa hivyo maisha yake yote, na watu wakicheka, bila kumkemea hata mtoto.

Yale niliyoyajua, na kila mtu wa pale aliyajua, ni haya. Tata aliona picha ya kinu cha upepo kwenye kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii, duka la Arvind na mkewe Padma, alikokuwa akinunua misumari. Mwaka ulipokwisha akaomba apewe ile kalenda, akaitundika juu ya benchi lake la kazi. Akajenga mnara wa miti ya mikaratusi, akafunga mikono minne ya mbao, akaivika magunia yale ya kubebea majani ya chai. Kilipozunguka mara ya kwanza, sisi watoto tulipiga kelele mpaka makoo yakakauka.

Mawe ndiyo yaliyomwangusha. Mkisii ukimwambia jiwe la kuchonga, akili yake inakwenda Tabaka, kwenye lile jiwe laini wanalochongea vifaru na bakuli za watalii. Tumelizoea, linakubali kisu. Tata alikwenda Tabaka akarudi na mawe mawili ya duara, mazuri ajabu, na hakuwaza kwamba jiwe linalokubali kisu litakubali kusagika pia. Wimbi likaingia, na unga ukatoka mwingi kuliko wimbi lenyewe. Majirani walishangilia wingi huo mpaka walipoketi kula. Ugali ulilia menoni. Kuna mzee alitema tonge lake kwenye kiganja, akaliangalia, akauliza kama hilo ni la kula au la kujengea. Tangu siku hiyo ukawa ni unga wa Tabaka, na Tata akawa Winimiri.

Hapo angeacha, leo ningekuwa nasimulia kichekesho. Lakini hakuacha. Alihitaji jiwe gumu, na jiwe gumu la karibu lilikuwa jikoni kwetu: orogena, jiwe la kusagia la Mama, jeusi, lenye bonde katikati lililochimbwa na mikono ya wanawake wengi. Mama alipewa na mama yake, Nyanya Kwamboka, siku alipotoka Suneka kuja kuolewa, na Nyanya alikuwa amepewa na mama yake mwenyewe, na alimwambia Mama mbele ya watu kwamba jiwe hilo lisitoke mkononi mwake mpaka apate binti wa kumpa. Huyo binti ningekuwa mimi. Tata alilitoboa kwa patasi ili lizunguke kwenye mhimili. Likapasuka katikati.

Sasa, kwetu mtu na mama mkwe wake wana adabu yao. Hawapeani mikono. Hawali pamoja. Mama mkwe haingii nyumba ya mkwewe, na mkwe akimwona anakuja hujitoa njiani. Tunaiita chinsoni, na hata sisi tuliosoma tunaiogopa. Kuchukua jiwe la mama mkwe na kulipasua ni kumvua nguo hadharani.

Nyanya alisikia, akaja kutoka Suneka, akasimama uani. Akauliza ni nani aliyelitoa jiwe jikoni. Nilikuwepo, nimeshika sketi ya Mama. Tata alijibu kutoka nyuma ya migomba bila kujitokeza: ni yeye, alilichukua Mama akiwa shambani anachuma chai.  Nyanya aligeuka akaenda zake, na baada ya siku hiyo hakuna mtu wa kwao aliyekanyaga boma letu. Tata alikibomoa kinu. Mbao zake zikawa mlango wa jikoni, na mlango huo upo hadi leo.

Nyanya alipofariki tulikwenda Suneka sote. Tata hakuingia. Aliketi ukingoni mwa barabara, kofia mkononi, tangu waombolezaji walipoanza kufika hadi wa mwisho alipoondoka, na mvua ikamnyeshea yote. Nilikuwa shule ya upili wakati huo. Nilipita mbele yake na wenzangu nikajifanya simjui. Hasira niliyokuwa nayo ilikuwa ya jiwe langu, jiwe ambalo lingekuwa langu, na hasira hiyo sikuiweka chini hata nilipokua.

Tata alifariki mwaka huu, majani ya chai yakiwa yamechipua vizuri baada ya mvua. Alilala kwa uzee wake, hakusumbua mtu. Familia ikanipa kazi ya kuandika na kusoma wasifu wa marehemu, maana mimi ndiye mwalimu wa lugha. Na habari ikaja kutoka Suneka kwamba Mjomba Machogu, ndugu ya Mama, angekuja na watu wake kuzika.

 Niseme wazi nilichotaka: nilitaka Mjomba Machogu avuke lango. Mkwe akizikwa huku wakwe zake wamesimama mbali, amezikwa na deni la heshima, na deni hilo wanalirithi watoto. Hasira yangu na Tata ilikuwa yangu mimi. Sikutaka ashuke ardhini akiwa bado ni yule mtu aliyemdharau mama mkwe wake.

Ndugu yangu mkubwa Bosire naye alitaka hivyo hivyo, ila kwa njia yake. Bosire anaishi Nyanchwa, ni mzee wa kanisa, na anapenda mambo yaliyonyooka. Siku moja kabla ya maziko alinikuta sebuleni na karatasi zangu. Mama alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango, anachambua maharagwe kwa mkono wa kulia. Mkono wake wa kushoto hauinuki kupita kifua. Tangu nipate akili namwona hivyo, alianguka shambani zamani.

"Nyanchera," Bosire akasema, "hiyo jina usiisome."

"Jina gani?"

"Unajua. Watu ya Suneka wakisikia Winimiri watakumbuka jiwe. Sema alikuwa fundi, Mkristo, baba ya watoto. Basi."

"Watashuka kituoni, Bosire. Makanga atawasomea kabla mimi sijafungua mdomo."

"Wewe na maneno yako! Unataka kumwaibisha Tata mbele ya kanisa?"

"Nani alianza kumwaibisha? Mimi nilipasua jiwe?"

Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Mama aliacha kuchambua. Alitutazama mmoja baada ya mwingine, akaweka ungo chini, akatoka nje. Tulidhani tumemchosha. Bosire akasema, kwa sauti ya chini, kwamba hata ile nafasi ya mjane kusema ingeondolewa kwenye ratiba, Mama apumzike. Nikakubali. Nikafikiri tunamwonea huruma.

Asubuhi ya maziko vijana wa ukoo walikuja na majembe na sururu. Kaburi la mwanamume kwetu huchimbwa upande wa kulia wa nyumba, na upande wa kulia wa nyumba yetu ya matofali ndipo kinu kiliposimama kabla ya nyumba hiyo kujengwa. Nilikuwa napanga viti chini ya hema niliposikia sururu imegonga kitu, kisha sauti ikaita.

"Aunty, njoo uone. Kuna mawe hapa, na si ya kawaida. Mtu aliyapanga."

Yalikuwa mapande mawili ya jiwe jeusi, yamewekwa uso kwa uso, na juu yake vipande vya nailoni vilivyochakaa, vya gunia la chai. Kila pande lilikuwa na nusu ya tundu ubavuni, alama za patasi zikionekana kana kwamba ni za jana. Na kila pande lilikuwa na nusu ya bonde. Nikapiga magoti kwenye udongo na nguo zangu nyeusi. Mtu anayetupa kitu hakifungi kwenye gunia kwanza.

Mama alikuwa amekuja nyuma yangu. Wanawake walimshika akajishusha chini polepole. Akaweka kiganja chake ndani ya lile bonde, akakipitisha mbele na nyuma, mbele na nyuma, jinsi mtu anavyosaga.

"Aliniambia ameitupa mtoni," akasema.

"Tata?"

"Nilimwomba aitupe nisiione tena. Akaenda, akarudi, akasema imeenda na maji." Aliendelea kusugua jiwe. "Alinidanganya, huyu mzee."

Kisha akaniuliza kama Bosire atamkasirikia akiongea. Nikamwuliza ataongea nini.

"Utasikia pamoja na wengine, mama," akaniambia. "Si kitu ya kusema mara mbili."

Watu wa Suneka walifika ibada ikikaribia kuanza. Walikuwa wengi, wanawake kwa wanaume, wamevaa vizuri, wamebeba shada la maua. Wakashuka, wakavuka barabara, na walipofika langoni wakasimama. Hawakugomba wala hawakununa. Walisimama tu kwenye nyasi za ukingoni, chini ya jua, Mjomba Machogu mbele yao na fimbo yake.

Nilikwenda mwenyewe. "Mjomba, karibuni ndani. Viti vipo, kivuli kipo."

"Asante, mama. Tumekuja kumzika mkwe wetu. Tutamzikia hapa."

"Hapa ni barabarani, Mjomba."

"Na yeye alimzika mama yetu akiwa barabarani," akasema kwa upole. "Hatujamkosea, na hatujamzidishia."

Ningefurahi angenitukana.  Nilirudi hemani nimebana meno, na watu wote walikuwa wameona.

Nilisoma wasifu. Nilisoma alizaliwa wapi, alifunzwa useremala na nani, milango na madirisha mangapi ya mlima ule yametoka mikononi mwake. Nilipofika mahali penye jina nilimwona Bosire ameinamisha kichwa. Nikapiga moyo konde nikalisoma: alijulikana na wengi kama Winimiri. Nyuma kabisa mtu akacheka puani, kidogo tu. Kicheko hicho nilikijua tangu utotoni.

Ndipo Arvind akainuka. Amezeeka sasa, duka analiendesha mwanawe Ronak, aliyemleta kwa gari na kumshika mkono mpaka kwenye kipaza sauti. Hakuwa kwenye ratiba. Bosire alitaka kusimama, nikamvuta koti.

"Hiyo neno mimi ndiyo nilimpa," Arvind alisema. "Alikuja dukani, akaona kalenda. Akauliza, Arvind, hii nyumba iko na mikono ni ya nini? Nikamwambia ni windmill. Inasaga unga, upepo ndiyo inafanya kazi. Yeye akaniuliza kitu moja tu. Akasema, na mwanamke anapiga magoti wapi? Nikamwambia, hakuna mwanamke, fundi, inasaga yenyewe. Akaangalia hiyo kalenda tena. Halafu akasema, basi nataka hiyo. Mimi na Padma tulicheka. Tulifikiri anataka kalenda."

Aliketi. Watu hawakujua wapige makofi au wanyamaze. Mimi nilikuwa namtazama Mama. Alikuwa amekwisha kusimama, bila kuitwa, na mkono wa kulia ameukamata mkono wake mbovu kwenye kiwiko. Bosire akainuka kumrudisha kitini.

"Bosire, keti," Mama akamwambia, na mzee wa kanisa akaketi.

Hakwenda kwenye kipaza sauti. Alitembea mpaka mahali ambapo watu wa hemani wangemsikia, na wa barabarani pia. Aliongea Kikisii, na mimi nayaandika kwa Kiswahili kama nilivyoyasikia.

"Mnalijua bega langu," akaanza. "Nilianguka na kikapu cha chai huko chini. Likavunjika, likapona vibaya. Na njaa ikaingia mwaka huo huo. Kisiagi cha dizeli kilikuwa mbali, na mara nyingi hakina mafuta. Nikawa nasaga kwa mkono mmoja, huu. Nilikuwa nikisaga nalia. Momanyi alikuwa ananitazama."

Akapumzika. 

"Mwanamume wa Kikisii hapigi magoti kwenye jiwe la kusagia. Mnajua. Huyu alipiga. Alikuwa anafunga mlango wa jikoni, anasaga, mimi nakaa mlangoni kuangalia kama kuna mtu anakuja. Mngemwona mngemcheka. Basi akatafuta kitu cha kunisagia ambacho watu hawatakicheka. Mkacheka zaidi."

Nilisikia mtu akivuta pumzi. 

"Mawe ya Tabaka yalipomshinda, alikata tamaa. Orogena nilimpa mimi." Alisema hivyo akigeuka kuelekea langoni. "Machogu, unanisikia? Nilimpa mimi. Alikataa. Aliniambia, hilo ni la mama yako, na lina mtoto wa kulirithi. Nikangoja aende kwa fundi mwenzake, nikalifunga kamba, nikalivuta kwa mkono huu mmoja mpaka chini ya kinu. Aliporudi nikamwambia, toboa. Lilipopasuka tulilia wote wawili, pale pale mlipochimba asubuhi.

"Mama alipokuja, akauliza ni nani aliyetoa jiwe jikoni. Mimi nikafungua mdomo. Nilikuwa nimefungua mdomo, Machogu! Momanyi akajibu kabla yangu, huko kwenye migomba. Akasema ni yeye.

"Nilimwambia nitasema ukweli. Akaniambia, mama yako akinikasirikia mimi, mimi ni mkwe tu. Akikukasirikia wewe, utakuwa umebaki bila mama. Mama akafa. Nikasema sasa niseme. Akasema, si sasa, ndugu zako watasema ulimuua kwa uchungu. Ngoja. Nikangoja. Watoto wakakua, wakamwonea aibu baba yao, nikaona, nikangoja. Kisha nikazoea. Hilo ndilo langu. Yeye alibeba, na mimi nikazoea kumwona amebeba."

Alimaliza hapo. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, mbele ya walimu wenzangu na wanafunzi wangu waliokuja na sare zao, na sikujali. Nilimwona Tata ameketi ukingoni mwa barabara ya Suneka, mvua inamchuruzika shingoni, kofia mkononi, na mimi napita na wenzangu. Alikuwa ameniona. Aliniona, akatazama upande mwingine ili nipate kupita.

 Mjomba Machogu alimpa kijana wake kofia, akaja. Alipovuka lango watu walisogea kumpa njia. Hakuja hemani; alikwenda moja kwa moja kwenye kaburi, mahali ambapo yale mapande mawili yalikuwa yamewekwa juu ya udongo mpya. Akayaangalia.

"Mama angesema nini, Tryphosa?" akamwuliza dada yake.

"Angenipiga."

"Angekupiga," Machogu akakubali. "Halafu angemtumia mkwewe kuku wa shukrani." Akagusa jiwe moja kwa fimbo yake. "Sasa hakupata nafasi ya kumtumia."

Akainama, akachukua koleo. Watu wa Suneka wakaingia nyuma yake, wote, na wanawake wao wakaanza wimbo, na wetu wakaupokea. Jeneza liliposhushwa, Machogu ndiye aliyetupa udongo wa kwanza baada ya sisi watoto, na hakuachia koleo mpaka kijana mmoja alipomwondolea mkononi. Bosire alifanya kazi kando yake, tai imeruka begani, uso umelowa. Hakuniangalia wala mimi sikumwangalia. 

Mawe tuliyaacha juu ya kaburi, upande wa kichwa, yamesogezwa yakakutana. Bosire alitaka kujua kama kanisa litakubali. Mchungaji alisema haoni ubaya wa mawe.

Watu walipokwenda kula, Mama alibaki. Nilibaki naye, nimemshika upande wa lile bega bovu. Alitazama kaburi, akasema kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu anayeongea na mwingine aliye chumba cha pili:

"Momanyi, nimesema. Nimewaambia wote ni mimi."

Akanyamaza, kichwa kimeinama kidogo kuelekea kwenye migomba. Nilidhani anaomba, nikangoja. Majani yalikuwa yametulia. Kisha akanishika mkono tuondoke.

"Zamani," akaniambia, "angekuwa amenijibu kabla sijamaliza."